Kijani kimekataa ukutani: tafuta chanzo kabla ya kununua ndoo nyingine

Wengi wanaopaka kijani nyumbani kisha wakajuta huwa hawakukosea rangi. Wamekosea taa, au plasta ilikuwa bado mbichi, au mwembe wa jirani unaingia ndani kupitia dirishani bila wao kujua. Lakini kwa kuwa kinachoonekana ni rangi, rangi ndiyo inayobeba lawama. Fundi anaitwa tena, ndoo nyingine inanunuliwa, na tatizo linabaki palepale, safari hii ndani ya kijani kingine.

Kabla ya kutoa hela, utazame ukuta mara tatu kwa siku moja: saa nne asubuhi, saa kumi alasiri na saa mbili usiku taa zikiwa zinawaka. Kasoro ikionekana usiku tu, anza na balbu. Ikionekana mchana tu, tena kwa saa fulani, toka nje uangalie kilicho mbele ya dirisha. Ikiwepo saa zote lakini sehemu tu ya ukuta, shida ni maji, plasta au upakaji. Ikiwepo saa zote na ukuta mzima, hapo sasa una haki ya kuishuku rangi yenyewe.

Mchana kizuri, usiku kimechoka

Dukani ulichagua kijani cha mnanaa, chepesi, chenye ubaridi. Jua likizama na taa zikiwashwa, ukuta unakuwa wa kahawiakahawia.

Soma boksi la balbu. Kuna namba inayofuatwa na herufi K: 2700 au 3000 ni mwanga wa manjano, 4000 uko katikati, 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Maduka mengi huwaka 6500. Mwanga wa 2700 una bluu kidogo sana ndani yake, na vijani vya baridi, vile vya mnanaa na vya maji ya bahari, vinaishi kwa hiyo bluu. Ukivinyima, vinafifia. Kinyume chake pia hutokea: kijani cha zeituni au cha majani makavu, kinachopendeza kwenye mwanga wa manjano, ukikiwekea 6500 kinapauka na kuwa kijivu cha saruji.

Kwa vijani vya baridi weka 4000, kwa vya joto weka 3000. Kwenye boksi hilohilo tafuta pia namba ya CRI au Ra, inayoeleza balbu inaonyesha rangi kwa usahihi kiasi gani. Ikiwa chini ya 80, balbu inapotosha rangi zote za chumba, hata ya nguo na ya ngozi yako. Ukipata ya 90, chukua. Ni ghali kidogo, ila linganisha na gharama ya fundi, msasa na galoni mbili.

Halafu hesabu balbu za sebule uone kama ni za aina moja. Nyumba nyingi zina mchanganyiko, maana balbu huungua mojamoja na ya kuziba pengo hununuliwa kwa Mangi bila mtu kusoma boksi. Ukuta ukiwa na vijani viwili usiku na kimoja mchana, usitafute zaidi ya hapo.

Mapazia yanaingia hapa hapa. Kitambaa na rangi vinaweza kulandana kabisa dukani, vikifika nyumbani vikaachana, kwa sababu rangi zilizotumika kuvitengeneza si za aina moja na kila moja inaitikia mwanga kivyake. Omba kipande cha kitambaa, kipeleke chumbani, kitazame usiku. Muuzaji anayekataa kukukatia kipande cha kiganja, nenda kwa mwingine.

Mchana ndipo kinapokataa

Ushauri mwingi wa mapambo unaosambaa umeandikwa na watu wa Ulaya, na unaanza na chumba kinachotazama kaskazini, kwamba kina baridi na mwanga hafifu. Ukiufuata Dar es Salaam au Mombasa utapotea. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi Oktoba jua la saa sita mchana linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki linapita kusini. Chumba cha kaskazini hapa ndicho kinachopata jua wakati wa kipupwe. Kwetu cha kuangalia zaidi ni mashariki na magharibi. Dirisha la magharibi huleta mwanga mzito wa manjano kuanzia saa tisa alasiri, na kijani cha ndimu kwenye chumba hicho kinapiga kelele hadi jua linazama. Chumba cha mashariki kinachangamka asubuhi na kupoa mchana kutwa; huko kijani chenye manjano kidogo kinasaidia.

Mwanga pia haufiki ukutani ukiwa mtupu. Ukipita kwenye majani ya mwembe unafika na ukijani. Ukigonga bati jekundu la jirani au ua wa udongo mwekundu unafika na wekundu. Ukuta wa kijani humeza wekundu, kwa hiyo mwanga wa namna hiyo unaufanya uwe mchafu, bila uhai. Kipimo chake ni karatasi nyeupe ya A4. Ibandike katikati ya ukuta, rudi nyuma hatua tatu, uitazame. Ikionekana nyeupe, mwanga ni safi. Ikionekana ya kijani, chumba tayari kilikuwa kinapakwa na mti kabla ya fundi kufika, na ulichohitaji ni kijani kilichopauka sana, au krimu tu. Mwembe ungefanya kazi iliyobaki bure.

Chumba kimekuwa giza

Kadi ndogo ya dukani haikuonyeshi jinsi kuta nne zinavyorushiana rangi. Kijani kinachoonekana cha wastani kwenye kadi kitakoza zaidi kikizunguka chumba. Chagua hatua moja au mbili chini ya ulichokipenda, na kama kadi ina namba ya LRV, isome: ni kiasi cha mwanga ambacho rangi inarudisha, kutoka 0 hadi 100. Chini ya 20 ukuta unameza karibu kila kitu. Nyumba zetu zina veranda pana, nondo na nyavu za mbu madirishani, vyote hivyo vimeshachukua sehemu ya mwanga kabla rangi haijaanza kula yake.

Huna haja ya kufuta vyote. Acha kijani kilichokoza kwenye ukuta mmoja unaotazamana na dirisha, ambao ndio unaopata mwanga wa kutosha kukionyesha. Ukuta wenye dirisha lenyewe upake rangi nyepesi. Ukiwa mweusimweusi, mwanga wa dirishani unaumiza macho na chumba kizima kinazidi kuonekana cha giza. Dari ibaki nyeupe.

Kinafanana na zahanati, au ofisi ya chama

Hii si kasoro ya rangi, ni kumbukumbu ya wanaoitazama. Kijani cha mafuta kinachong'aa hadi kimo cha kiuno, juu krimu: kila aliyesoma shule ya serikali au kupanga foleni ya daktari anaijua hiyo. Nchini Tanzania kijani na manjano vikikaa pamoja, mgeni atauliza kama wewe ni CCM au Yanga, na hatakuwa anatania sana. Kenya kijani kikali na cheupe kinampeleka mtu kwa wakala wa M-Pesa.

Kinachosababisha ni vitu vitatu: mng'ao, mstari wa kiunoni na rangi ya pili. Badilisha kimoja tu na picha inavunjika. Paka rangi ya maji isiyong'aa. Mstari kama unaupenda, uinue hadi usawa wa juu wa mlango. Manjano itoe, uweke rangi ya udongo wa chungu au waridi lililopauka. Mbao ya mninga inafanya kazi hiyo kuliko kitu chochote cha kununua, kwa sababu wekundu wake unakipandisha kijani. Mkeka wa ukindu chini na kabati moja la mninga vinatosha. Mito ya kijani kwenye kochi la kijani mbele ya ukuta wa kijani, hapana.

Mabaka meupe, malengelenge, rangi inabanduka

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, na ukanda wa pwani unaongoza. Watu husema "hii rangi mpya mbovu, ile krimu ya zamani haikufanya hivi." Ilifanya. Chumvi nyeupe kwenye krimu haionekani. Kwenye kijani inaonekana ukiwa mlangoni.

Sogea karibu. Kwangua baka kwa ukucha. Ukitoka unga mkavu unaopotea ukiulowesha na kurudi ukikauka, ukuta unatoa chumvi. Maji yanatembea ndani ya tofali, yanayeyusha chumvi iliyomo, yanaibeba hadi usoni mwa ukuta na kukaukia hapo. Rangi ikiwa nzito haiyapi maji pa kutokea, basi yanaisukuma, ndiyo hayo malengelenge. Toboa moja kwa pini: likiwa na unyevunyevu au unga nyuma yake, umeshapata jibu.

Mahali mabaka yalipo panakuambia maji yanatoka wapi. Yakianzia sakafuni na kuishia takriban mita moja, kwa mstari wa mawimbi, yanapanda kutoka kwenye msingi: ama karatasi ya kuzuia unyevu haikuwekwa, ama nje mtu amerundika udongo au bustani ya maua juu kuliko usawa wake. Yakiwa upande wa pili wa bafu, ni bomba au vigae. Chini ya dirisha, ni kizingiti kinachovuja. Yakishuka kutoka juu, panda kwenye paa. Yakitapakaa ukuta mzima bila mpangilio, fikiria mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa, au maji ya kisima yenye chumvi yaliyotumika kuchanganyia plasta. Hapo fundi wa rangi hana kosa lolote.

Kama hujui maji yanatoka ukutani au ni unyevu wa hewa tu, kata nailoni angavu ya nusu mita kwa nusu mita, ibane kingo zote nne kwa tepu, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, ni ukuta. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba, na dawa ni kupitisha upepo.

Ukiwa na uhakika, ziba chanzo kwanza. Kisha piga brashi kavu, usianze kwa kuosha, kwani maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Rudia kila inapotoka hadi ikome. Kwangua rangi yote iliyolegea, paka praima inayohimili ukali wa saruji, halafu rangi ya maji isiyong'aa. Atakayekushauri upake rangi ya mafuta ili "kuziba" unyevu anakuandalia malengelenge makubwa zaidi.

Mabaka ya kupauka yasiyo na unga ni jambo jingine. Plasta mpya ya saruji ina ukali wa pH 12 hadi 13, na baadhi ya rangi za kukolezea, hasa zile zilizomo kwenye vijani vikali vya bei ndogo, huungua zikiguswa na ukali huo. Ipe plasta angalau siku 28, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Mwenye nyumba anayetaka kuhamia kabla ya sikukuu hapendi kusikia hili.

Nyumba za kale za matumbawe na chokaa, za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa, zina sheria zake. Kuta hizo zinavuta unyevu na kuutoa kila siku. Ukizifunika kwa saruji na rangi ya plastiki unaufungia ndani na plasta ya zamani inaanguka vipande. Huko pakaa chokaa iliyotiwa rangi ya madini. Oksidi ya kromi hutoa kijani tulivu cha zeituni kisichoogopa chokaa. Ile bluu ya Prussia, ambayo watu huichanganya na manjano kupata kijani, inageuka kahawia ikikutana na chokaa.

Michirizi na viraka

Lawama hapa ni ya upakaji, mara nyingi. Fundi anapochanganya kwa macho, akidondoshea vichupa vya rangi kali kwenye ndoo nyeupe, kijani cha ndoo ya pili hakitafanana na cha kwanza hata awe bingwa. Chukua iliyochanganywa kwa mashine, tunza namba ya mchanganyiko, na nunua yote kwa pamoja. Hesabu yake si ngumu: chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina takriban mita za mraba 40. Toa mlango na madirisha mawili, unabaki na 35 hivi. Lita moja hufunika karibu mita 10 za mraba za ukuta laini, mkono mmoja, yaani ukipakwa mara moja. Mikono miwili ni lita 7, yaani galoni mbili za lita 4. Zimimine zote kwenye ndoo moja, koroga, ndipo uanze.

Rangi ikichanganywa maji kupita maelezo ya kopo, itafunika leo na kuonyesha michirizi kesho. Simama pale wakati wa kuchanganya. Hakuna ubaya.

Vijani vilivyokoza sana vina shida ya kuzaliwa nayo: vina rangi nyeupe ya kufunikia kidogo mno, hivyo cha chini kinaonekana hata baada ya mkono wa pili. Usimgombeze fundi. Anza na mkono wa kijivu cha wastani, au kubali mkono wa tatu. Na usijaribu kuziba kovu moja katikati ya ukuta kwa brashi; kiraka kitaonekana daima. Paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona, bila kuacha kingo zikauke kabla rola haijarudi.

Kilikuwa sawa, baada ya miezi kimebadilika

Kijani cha ndimu kinachogeuka cha bluu karibu na dirisha kimepoteza manjano yake, ambayo kwa kawaida huchoka juani kabla ya kijani. Pazia jepesi litachelewesha hali hiyo, halitaizuia. Milango na fremu za mnanaa zilizopakwa rangi ya mafuta hufanya kinyume: zinapata umanjano, tena kwenye pembe za giza zaidi kuliko penye mwanga, na ndiyo maana mlango uliolandana na ukuta mwaka wa kwanza haulandani nao mwaka wa tatu. Kwa mbao za ndani tumia rangi ngumu ya maji.

Madoa meusi nyuma ya kabati: dondoshea jiki kidogo. Yakififia ndani ya dakika chache ni kuvu, yasipofifia ni uchafu au moshi wa dawa ya mbu. Kuvu osha kwa jiki kipimo kimoja na maji vipimo vitatu au vinne, acha dakika kumi, suuza, kausha, na usogeze kabati mbali na ukuta upana wa kiganja ili hewa ipite. Fungua madirisha, na usiichanganye jiki na siki wala dawa kali ya choo. Hewa inayotoka hapo inaharibu mapafu.

Na kabla ya kupiga msasa rangi ya zamani ya mafuta, hasa kijani au manjano kali, simama. Rangi hizo nyingi zilipata ukali wake kutoka kwenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kikomo kinachopendekezwa leo na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ni sehemu 90 kwa milioni. Vumbi la msasa mkavu ndilo baya zaidi kwa watoto. Lowesha ukuta, kwangua ukiwa umevaa barakoa, watoto wakiwa nyumba nyingine, au paka juu yake kama bado imeshika vizuri.

Mwenye nyumba amekataa

Mpangaji aliyenyimwa ruhusa ya kugusa ukuta mweupe ana njia ya majani. Usianze na yanayodeka. Zamioculcas zamiifolia, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa unaouzwa kwa bei ya juu kwenye bustani za mijini, unaota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo. Joto na ukame wa wiki mbili kwake ni mambo ya nyumbani. Majani yakianza manjano kutoka chini, kwa kawaida umezidisha maji, si kinyume chake. Chomeka kidole hadi kiishe chote. Udongo ukiwa bado na unyevu, usimwagilie. Chungu kiwe na tundu, na maji yaliyotuama kwenye sahani yamwage siku hiyohiyo. Mmea ukirefuka kuelekea dirishani na kupinda, zungusha chungu kila unapofagia. Watoto wanaotafuna kila kitu wawekwe mbali nao, maana utomvu wake unawasha mdomo.